Kujua ukurasa upi umeandikwa: soft-dirty, userfaultfd au PAGEMAP_SCAN?

Ukiwa na programu inayoweka kila kitu kwenye kumbukumbu, na umeme wako ni kama wetu wa Unguja, iko siku utajiuliza: vipi niihifadhi hali yake kila nusu dakika bila ya kuiandika yote upya? Nusu ya jibu ni nyepesi: andika zile kurasa (vipande vidogo ambavyo kumbukumbu imegawiwa) zilizobadilika tu. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi. Nani atakwambia zipi zimebadilika? Kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ina njia kadhaa za kukwambia, na kila moja ina namna yake ya kukosea. Hizi ninazozilinganisha hapa nimezitumia kazini, na nyengine nimelazimika kuzifuata mpaka ndani ya msimbo wa kerneli kwa sababu nilikuwa nakagua viraka (mapendekezo ya kubadilisha msimbo) vinavyozigusa.

Ukubwa wa shughuli kwanza. Ofisini kwetu Mlandege, juu ya duka la vitambaa, tuna programu ya mizigo inayokaa na GiB 8 kwenye kumbukumbu. Ukurasa mmoja wa x86-64 ni baiti 4,096, kwa hiyo hizo ni kurasa 2,097,152. Kwa diski inayoandika MB 400 kwa sekunde, kuzimwaga zote ni zaidi ya sekunde 21. Tuseme katika nusu dakika zimeguswa kurasa tatu katika kila mia: zinabaki kama MB 258, chini ya sekunde moja. UPS iliyo chini ya meza, ikishaanza kulia, haina subira ya sekunde 21 mara mbili tatu. Na aliyekuwepo hapa mwaka 2008 kisiwa kilipokaa gizani kama mwezi mzima, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, hahitaji kushawishiwa.

Sasa kipimo changu, maana ndicho nilichochagulia. Makosa ya kufuatilia kurasa ni ya aina mbili. Kuna kosa la kuzidisha: ukurasa haukuguswa lakini unaambiwa umeguswa. Hilo linakula diski na muda, basi. Na kuna kosa la kupunguza: ukurasa umeandikwa na hakuna aliyekwambia. Hilo halionekani siku linapotokea. Linaonekana siku ya kurudisha, pale ambapo huna tena cha asili cha kulinganishia. Kwa hiyo mbio za njia nimeziweka nyuma. Swali langu la mwanzo ni hili: njia hii ikikosea, inakosea upande gani?

Milango na makomeo

Fikiria jumba la Mji Mkongwe lenye vyumba vingi na wapangaji wengi, nawe jioni unataka kujua vyumba vipi vimeingiwa. Huwezi kumweka mlinzi kila mlango. Unachofanya ni kuitia milango yote komeo asubuhi. Wa kwanza kufika kwenye chumba atamwita bawabu, naye atajua. Akishafungua, mlango unabaki wazi na wanaofuata wanapita bila ya kuulizwa.

Njia zote nitakazozitaja kwa urefu zinafanya hivyohivyo. Ruhusa ya kuandika inaondolewa kwenye jedwali la kurasa (daftari la anwani na ruhusa za kila ukurasa), uandishi wa kwanza unagota (prosesa inauzuia), kerneli inaitwa, inaweka alama, inarudisha ruhusa. Gharama ni mgoto mmoja kwa kila ukurasa kwa kila duru. Zinapotofautiana ni kwenye maswali matatu: bawabu ni nani, anaandika wapi, na nani anayetia komeo tena.

(Ndiyo, prosesa ina alama yake yenyewe, biti ya 6 kwenye kila ingizo la jedwali la kurasa la x86, inayowaka ukurasa ukiandikwa. Lakini hiyo kerneli inaitegemea kujua kurasa za kurudishwa diskini. Ukiichezea kwa hesabu zako, unaiharibia zake.)

Soft-dirty: rahisi, na inataka adabu

Hii iliingia kwenye Linux 3.11, mwaka 2013, kwa kazi ya Pavel Emelyanov na wenzake wa mradi wa CRIU, ambao shughuli yao ndiyo hiihii ya kuhifadhi programu inayokwenda na kuirudisha baadaye. Unaandika tarakimu 4 kwenye /proc/PID/clear_refs, milango yote ya mchakato mzima inatiwa komeo. Baadaye unasoma /proc/PID/pagemap, baiti 8 kwa kila ukurasa, na kuangalia biti ya 55. Ikiwaka, ukurasa umeandikwa tangu ulipofunga.

Uzuri wake ni kwamba yote yanafanyika kutoka nje. Programu inayofuatiliwa haijui kitu, haibadilishwi hata mstari mmoja. Unaweza kuijaribu kwa mkono kwenye terminali ukiwa na kikombe cha kahawa mkono wa pili. Kwa programu uliyoikuta, ambayo msimbo wake huna au hutaki kuugusa, hakuna nyepesi kuliko hii.

Makosa yake ya asili yanaegemea upande wa kuzidisha. Eneo jipya la kumbukumbu linahesabiwa chafu lote (yaani limeandikwa) tangu linapozaliwa, hata kama hakuna aliyeligusa. Maeneo mawili yaliyopakana yakiunganishwa na kerneli, uchafu wa eneo moja unaweza kuhesabiwa kwa yote mawili. Watu wanalalamika, nami nimelalamika: duru moja inakupa MB 200, inayofuata GB 3, na programu haikufanya jambo jipya zaidi ya kuomba kumbukumbu kidogo. Inaudhi, lakini haipotezi.

Inapopoteza, anayepoteza ni wewe. Kusoma na kufunga ni vitendo viwili mbalimbali, na baina yake kuna mwanya. Mwezi uliopita kijana wetu aliniletea mabadiliko haya niyakague:

```
-    kill(pid, SIGSTOP);
-    subiri_isimame(pid);
     soma_pagemap(pid, orodha);
     andika_clear_refs(pid, "4");
-    kill(pid, SIGCONT);
```

"Maalim, nimeipunguzia kusimama, sasa inakwenda bila ya kukwama," akaniambia.

"Na hii mistari mitatu ilikuwa na kazi gani?"

"Ilikuwa inaisimamisha programu tu."

Hilo "tu" ndilo nililokaa nalo mpaka alasiri. Kwa GiB 8, pagemap ni MiB 16 za kusoma, na kusoma huko hakuishi kwa mpepeso wa jicho. Chukua ukurasa mmoja ulio katikati. Msomaji anaupita, anaukuta safi, anaendelea mbele. Punde tu uzi (thread) mmoja wa programu unauandika, kerneli inawasha biti ya 55 kama inavyopaswa. Kisha msomaji anamaliza na kuandika "4", na biti ile inazimwa pamoja na nyengine zote. Duru inayofuata ukurasa huo ni safi. Haukuhifadhiwa na hautahifadhiwa mpaka uandikwe tena, na ikiwa ndiyo mara ya mwisho kuguswa, basi haukuhifadhiwa abadani.

Kugeuza mpangilio, yaani kufunga kwanza kisha kusoma, hakusaidii: utakuwa umefuta ulichokuja kukisoma.

Sikumkaripia, maana kosa la jamii hiyo nililifanya mimi kabla yake. Toleo langu la mwanzo lilikuwa na SIGSTOP lakini bila ya ule mstari wa kusubiri. Wito wa kill unarudi pale ishara inapotumwa, si pale nyuzi zote zinaposimama. Kwa hiyo kulikuwa na kitambo ambapo mimi nasoma na uzi mmoja bado unaandika. Siku tuliyorudisha, orodha ilisema magunia arobaini ya mchele yako ghalani na jumla ikasema hakuna gunia. Orodha ilikuwa kwenye ukurasa mmoja, jumla kwenye mwengine. Mmoja ulihifadhiwa, mwengine haukuhifadhiwa. Tulihesabu magunia kwa mkono. Ukiitumia soft-dirty, basi subiri mpaka hali iliyoandikwa kwenye /proc/PID/task/TID/status iwe T kwa kila uzi, au tumia cgroup.freeze na ungoje cgroup.events iseme "frozen 1". Hii ya pili ndiyo niipendayo: inagandisha kundi zima la michakato kwa pamoja na inakwambia ilipomaliza.

Jambo jengine la soft-dirty ambalo kwetu liliamua mengi ni kwamba haipo kila mahali. x86 inayo. arm64 haikuwa nayo miaka yote niliyoifuatilia, na ofisi yetu ya Chake Chake inaendesha mambo yake kwenye vibodi vidogo vya arm64 kwa sababu vinakula umeme kidogo. Kule hakuna cha kujadili.

mprotect na SIGSEGV: usianzie hapa

Njia ya wazee. Unaondoa ruhusa mwenyewe kwa wito wa mprotect, uandishi unaleta SIGSEGV (ishara ya kugusa kumbukumbu bila ya ruhusa), unaidaka, unaandika kwenye daftari lako, unarudisha ruhusa. Inakwenda kwenye kerneli ya zama zozote, na hapo ndipo sifa zake zinapokoma. Kila mgoto ni ishara nzima kwenda na kurudi. Kila ukurasa unaoufungulia peke yake unakata eneo la kumbukumbu vipande, na idadi ya maeneo ina kikomo, ambacho kwa kawaida ni 65,530 kwa mchakato. Lililo baya zaidi: programu ikimpa kerneli bafa iliyofungwa, mathalan kwenye wito wa read, hupati ishara yoyote. Wito unarudi na EFAULT, na programu isiyotarajia itadhani faili limeharibika. Wakati njia hizi nyengine zipo, sioni wa kumshauri hii isipokuwa aliye kwenye kerneli kongwe asiyeruhusiwa kuibadilisha.

userfaultfd: bawabu ni wewe

userfaultfd yenyewe iliingia kwenye toleo 4.3, mwaka 2015, lakini sehemu inayotuhusu, ya kuzuia uandishi, ilikuja kwenye 5.7 mwaka 2020, na kwa kumbukumbu za kawaida tu. Zile za kugawana na za hugetlbfs (za kurasa kubwa) zilifuata kwenye 5.19. Hapa unasajili maeneo unayoyataka, unayafunga, na uandishi ukigota kerneli haiamui: inamsimamisha mwandishi na kukuletea ujumbe. Wewe unaamua lini afunguliwe.

Hii inakupa kitu ambacho soft-dirty haikupi: unajua kabla ya uandishi kutokea, si baada yake. Kwa hiyo unaweza kunakili ukurasa ukiwa bado na maneno yake ya zamani, kisha ukamruhusu mwandishi. Picha unayoipata ni ya sekunde moja kamili, na programu haikusimama yote. QEMU inaitumia hivyo kuhifadhi mashine pepe huku inaendelea kwenda.

Bei yake ni kwamba kila mwandishi wa kwanza anakungoja. Na jihadhari na uzi wako wa ubawabu. Ukiandika hata baiti moja kwenye ukurasa uliofungwa, unajingoja mwenyewe, na hapo mwenye funguo amejifungia ndani. Nimeliona hili kwenye kiraka kilichokuwa kizuri kwa kila hali nyengine: mshika funguo aliita malloc (ya kuomba kumbukumbu) ndani ya kitanzi chake, na malloc ikaandika kwenye eneo lililosajiliwa. Kwenye majaribio madogo haikutokea hata mara moja.

Ruhusa nazo zimebanwa. Tangu 5.2 kuna vm.unprivileged_userfaultfd, na tangu 5.11 mtumiaji wa kawaida kwa chaguo-msingi hapewi ile ya kudaka migoto inayotoka ndani ya kerneli yenyewe, kwa sababu washambuliaji walikuwa wanaitumia kuisimamisha kerneli katikati ya kunakili.

PAGEMAP_SCAN: mlango ulio wazi ndio daftari

Kwenye 6.7, iliyotoka Januari 2024, yaliingia mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni hali ya WP_ASYNC ya userfaultfd: uandishi ukigota, kerneli yenyewe inafungua mlango papo hapo, bila ya kukuita na bila ya kumngojesha mtu. Haiandiki popote. Mlango ulio wazi ndio ushahidi kwamba kuna aliyeingia. La pili ni PAGEMAP_SCAN, ioctl (amri maalum kwa kerneli) kwenye pagemap inayopita eneo, inakurudishia safu za kurasa zilizo wazi, na ukiomba kwa PM_SCAN_WP_MATCHING, inazitia komeo tena hapohapo.

Rudi kwenye ule mwanya wa mistari mitatu ya kijana. Hapa haupo. Kutazama na kufunga ukurasa mmoja kunafanyika kerneli ikiwa imeshika kufuli la jedwali la kurasa husika. Uandishi ukija kabla, unahesabiwa duru hii. Ukija baada, unagota na kuhesabiwa duru ijayo. Katikati hapaingiliki. (Hiyo haikupi picha moja ya wakati mmoja, ukiitaka hiyo bado itabidi usimamishe, lakini ukurasa haupotei.)

Aliyeileta ni Muhammad Usama Anjum wa Collabora, na mfululizo wake wa viraka ulipita matoleo zaidi ya thelathini kabla ya kukubaliwa. Anayedhani wakaguzi wa kerneli wanachelewesha watu kwa ukaidi angezisoma zile hoja. Sababu ya kwanza ya kuitaka haikuwa hata kuhifadhi programu. Windows ina GetWriteWatch, inayotoa orodha ya kurasa zilizoandikwa na kuzisafisha kwa wito mmoja, na michezo ya Windows inayoendeshwa kwenye Linux ilihitaji mfano wake.

Jibu lake nalo ni dogo. Badala ya kusoma MiB 16 nzima, unapewa safu: mwanzo, mwisho na aina, baiti 24 kila moja. Kurasa elfu zilizofuatana ni safu moja.

Lakini kuna bendera moja ambayo mkaguzi akiikosa kwenye kiraka asikipitishe. Ukitumia PM_SCAN_WP_MATCHING peke yake, eneo ambalo halikusajiliwa kwa WP_ASYNC linarukwa kimya kimya. Programu ikiomba kumbukumbu mpya baada ya wewe kusajili, eneo hilo si lako mpaka ulisajili, na hakuna atakayekwambia. Hilo ndilo kosa la kupunguza lenyewe, limevaa nguo nadhifu. Dawa ni kuongeza PM_SCAN_CHECK_WPASYNC: ikikuta eneo lisilosajiliwa, wito unarudi na EPERM. Programu inalia, unarekebisha. Mimi nachukua kelele hiyo mara mia kuliko ukimya ule.

Na usajili lazima ufanyike kutoka ndani ya mchakato wenyewe. Hapo ndipo soft-dirty inapobaki na cheo chake. Kwa programu usiyoweza kuibadilisha, itakubidi uingize msimbo wako ndani yake kwa nguvu, kama CRIU inavyofanya, na hiyo si kazi ya Ijumaa mchana.

Kurasa kubwa

Kerneli hupenda kuunganisha kurasa 512 kuwa moja ya MiB 2. Chini ya soft-dirty, baiti moja ikiandikwa ndani yake, MiB 2 zote zinahesabiwa. Chini ya WP_ASYNC, ramani ya ukurasa huo mkubwa inavunjwa vipande vya KiB 4 unapoandikwa, kwa hiyo unapata usahihi na unapoteza mbio ulizokuwa ukizipata kwa ukubwa ule. Kama programu yako inaandika mahali palepale pachache, chukua usahihi. Kama inaandika kwa mafuriko, kuvunjavunja ni hasara tupu, na nisingejishughulisha nako.

Ukiwa unakagua kiraka cha upande wa kerneli

Kuchagua njia ni pia kuchagua msimbo ambao siku moja utabidi uusome. Nionyeshe mfano mmoja tu, kwa sababu ndio ulionifundisha mahali pa kuangalia.

Prosesa haisomi jedwali la kurasa kila mara. Ina TLB, daftari dogo la mfukoni la anwani na ruhusa zake. Ukimwondolea mtu ruhusa kwenye jedwali kuu, ruhusa iliyo kwenye daftari la mfukoni bado inafanya kazi mpaka ufute TLB, na kufuta kunagharimu, kwa hiyo kerneli hulimbikiza na kufuta mara moja mwishoni. Clear_refs ilikuwa hivyo kwa miaka, ikishika mmap_lock (kufuli la ramani ya kumbukumbu ya mchakato) kwa kusoma tu, na mambo yakaenda. Kisha kwenye 5.9, mwaka 2020, Linus Torvalds alirahisisha namna kerneli inavyoamua lini ukurasa unakiliwe mwandishi anapogota. Badiliko hilo halikugusa clear_refs hata herufi moja. Lakini sasa ikawezekana hivi: prosesa ya kwanza inaona ukurasa umefungwa, inagota, kerneli inanakili ukurasa na kuelekeza kwenye nakala. Wakati huohuo prosesa ya pili, kwa daftari lake la zamani, bado inaandika kwenye ukurasa wa awali. Maandishi hayo yakaenda na ukurasa usio na mwenyewe. Hapo hukukosa alama tu, umekosa data ya programu inayokwenda. Dawa ya clear_refs ilikuja mapema 2021: kushika mmap_lock kwa kuandika, ili migoto isiingie katikati. Upande wa userfaultfd nao ulihitaji marekebisho yake mwaka huohuo, kwa ugonjwa wa ukoo mmoja.

Tangu hapo, kiraka chochote kinachoondoa ruhusa ya kuandika nakisoma kwa swali moja kabla ya mengine: baina ya mstari unaobadilisha jedwali na mstari unaofuta TLB, nani anaweza kuingia, na kufuli gani linamzuia? Kama mwandishi wa kiraka hakulijibu kwenye maelezo yake, namuuliza hata kama jibu nalijua. Baadaye naangalia njia za pembeni ambazo watu husahau: mremap inapohamisha ukurasa, fork inaponakili jedwali, ukurasa unapokwenda swap na kurudi, mprotect inaporudisha ruhusa. Ile ya mwisho iliwahi kuhitaji kurekebishwa mwaka 2022, kwa sababu ilikuwa inaweza kurudisha ruhusa ya kuandika bila ya kuangalia kama soft-dirty inasubiri mgoto. Majaribio yako kwenye tools/testing/selftests/mm, soft-dirty.c na pagemap_ioctl.c yaendeshwe kabla ya kubishana.

Zisizo za kazi hii

DAMON, iliyoingia 5.15, na ufuatiliaji wa kurasa zilizolala wa /sys/kernel/mm/page_idle, ni za kujua kumbukumbu ipi inatumika na ipi imelala. DAMON huchungulia kwa sampuli, kila milisekunde 5 kwa chaguo-msingi. Ni nzuri kwa kupunguza kumbukumbu, haramu kwa kuhifadhi. Kwa mashine pepe za KVM (zinazoendeshwa na kerneli ya Linux), tumia daftari la uchafu la KVM yenyewe.

Na fork, wito unaozaa nakala ya mchakato? Haifuatilii kitu, ila inakupa picha moja ya wakati mmoja kwa kunakili jedwali la kurasa tu, ambalo kwa GiB 8 ni kama MiB 16. Redis inahifadhi hivyo. Kama unahifadhi mara moja kwa saa na diski ni ya kasi, fork inakutosha na nusu ya makala hii hukuwa na haja nayo.

Basi ipi?

Angalia kerneli kwanza kwa uname -r, maana mara nyingi ndiyo inayoamua. Debian 12 inakuja na 6.1 na Ubuntu 22.04 ilianza na 5.15: PAGEMAP_SCAN hakuna. Ubuntu 24.04 ina 6.8 na Debian 13 ina 6.12: ipo. Kwa arm64, hata ikipita 6.7, kuzuia uandishi kwa userfaultfd kulifika baadaye, kwenye 6.10.

Programu ni yako na kerneli ni mpya: PAGEMAP_SCAN pamoja na bendera ya CHECK_WPASYNC, sina la kuongeza. Programu si yako, mashine ni x86: soft-dirty pamoja na cgroup.freeze, na uvumilie duru za GB 3. Unataka picha ya wakati mmoja bila ya kusimamisha, na unaweza kuandika uzi wa ubawabu usiogusa kumbukumbu iliyofungwa: userfaultfd ya kungoja. Mtu akija na kasi peke yake kama hoja ya kuchagua baina ya hizi, mwulize kwanza amepima duru ngapi za kurudisha. Kuhifadhi kila mtu anakupima.

Sisi Mlandege bado tuko kwenye soft-dirty, kwa sababu seva yetu ni ya Debian 12 na hakuna anayetaka kuigusa kabla ya Ramadhani kwisha. Chake Chake wamepewa kerneli ya 6.12 na wanatumia PAGEMAP_SCAN. Kiraka cha kijana kimerudi jana. Mistari mitatu iko pale pale, na mahali pa SIGSTOP ameweka cgroup.freeze. Ameongeza na jaribio: nyuzi nne zinaandika namba zinazopanda kwenye kurasa za nasibu, programu inauliwa katikati kwa SIGKILL, inarudishwa, na kila namba inalinganishwa na daftari lililo nje. Akalijaribu kwanza dhidi ya toleo lake la mwanzo, lile lisilosimamisha. Ilianguka duru ya kumi na saba, ukurasa mmoja. Alinitumia picha ya kioo bila ya neno lolote.